Mwaka Walioogopa Mboga Zangu

Tangu mvua zilizopita sijashika keni ya kumwagilia. Bustani iko mikononi mwa mke wa mwanangu Elia, na kwenye meza yangu pale Ihanja, kando ya barabara kuu, anakaa yeye. Mgongo ulikataa taratibu. Ulianza kukataa kuinama, ukaja kukataa ndoo, mwisho nikajikuta nimebaki kusimamia watu na kuwakosoa, kazi ambayo haimpendezi yeyote isipokuwa anayeifanya. Nikaona niondoke kabla hawajaniomba.

Ninyi mabinti wa kikundi cha bustani mmenitaka niandike nilivyoanza, kwa kuwa kila anayetaka kuuza mboga anakuja kuuliza yale yale. Mambo ya samadi na mbegu nitayataja. Lakini najua wengi mnachotaka ni habari ya msiba wa mama yake mzee Lazaro, maana mmeisikia vipande vipande, na juzi mmoja wenu alimwambia mkwe wangu kwamba mimi nililala mahabusu Singida mjini. Sikulala. Ngoja nieleze ilivyokuwa.

Mboga nilianza kwa kukosa la kufanya. Mvua ilikatika alizeti zikiwa kwenye maua, mahindi yakakauka yamesimama, na mume wangu Yohana akaenda Manyoni kuswaga ng'ombe wa mnadani. Nikabaki na watoto na mama yake, ambaye nyumbani sote tulimwita Bibi. Nyuma ya nyumba yetu kuna korongo la mchanga. Kiangazi ukilitazama utadhani halijawahi kuona maji, ila ukichimba mpaka kiunoni yanaanza kuchuruzika. Bibi ndiye aliyejua mahali pa kuchimba. Alikaa ukingoni, akanionyesha kwa fimbo yake, nami nikachimba kwa jembe na sufuria bovu, nikapanga magogo pembeni ili mchanga usirudi.

Tuta la kwanza lilikuwa na ukubwa wa kitanda. Mchicha uliota vizuri sana, na kuku wa jirani wakaumaliza asubuhi moja. Tuta la pili nililizungushia miiba. Kuku walishindwa, mbuzi wakaweza. Ndipo nikajua kwamba bustani huanza na uzio, mbegu ni habari ya baadaye. Tangu hapo sijamshauri mtu yeyote anunue mbegu kabla sijaona miiba aliyokata.

Siku ya kwanza sokoni ilikuwa aibu. Nilikuwa nimevuna jioni, nikazimwagia mboga maji mengi na kuzifunika kwa nailoni nikidhani nazitunza. Asubuhi zilikuwa zimejipika zenyewe kwa joto. Nilitandika gunia chini nikapanga mafungu. Mabasi yalisimama, abiria wakanunua karanga na maji, wakaondoka. Mtu wa kwanza kuinamia mboga zangu alikuwa Bi Hadija, mwanamke wa familia ya wafanyabiashara wa Singida mjini aliyekuwa ameolewa Ihanja, na meza yake ilikuwa kubwa kuliko zote. Nilimwamkia, akaitikia. Akanyanyua fungu moja, akalinusa, akalirudisha polepole.

“Hizi usimuuzie mtu,” alisema. “Kawape ng'ombe, halafu uje ukae kwangu uangalie.”

Nilikaa kwake kiangazi kizima. Hakuwa mpole. Aliwahi kunifukuza mbele ya wateja kwa sababu nilificha majani yaliyotobolewa na wadudu katikati ya fungu, na nilipokwenda kumwomba radhi akanipa kisu nikate vitunguu. Lakini mengi ninayowafundisha ni ya kwake. Mchicha uvunwe alfajiri umande ukiwapo, ukatwe kwa kisu kikali, using'olewe. Ufunikwe kwa gunia lililoloweshwa, nailoni waachie wauza nguo. Samadi ikae mpaka ipoe, kwa sababu ikiwa mbichi inaunguza mizizi. Majani ya muarobaini yakitwangwa na kulowekwa yanafukuza wadudu, na mteja anaweza kula hata kesho yake.

Zaidi ya yote alisisitiza kuchambua. Kila jani lipite kati ya vidole kabla halijaingia kwenye fungu, na usiuze usichokichuma mwenyewe. Alinikatia jani la mnanaha, lile gugu linaloota kwa wingi kwenye mazizi na penye samadi, akaniambia nilifikiche ninuse. Harufu yake nzito inakaa mkononi. Likiwa limekomaa kila mtu analijua, kwa maua yake meupe marefu na matunda ya miiba. Likiwa changa, katikati ya mchicha, linajificha. Bi Hadija alisema mnanaha hauui biashara ya mtu mmoja, unaua soko zima.

Alipozeeka watoto wake walimchukua mjini. Meza aliniachia mimi, pamoja na wateja wake, wengine wakiwa wagumu kuliko yeye.

Miaka ilikwenda vizuri. Nikaongeza chainizi, figiri, vitunguu na bamia. Mama ntilie wa stendi walichukua kwangu, na watu wenye shughuli walikuja kuagiza nyumbani. Yohana alirudi akaenda, akarudi akaenda, Manyoni ikawa kama nyumba yake ya pili. Mboga ndizo zilizotulisha.

Sasa nifike kwa mzee Lazaro. Alikuwa na ng'ombe wengi upande wa pili wa korongo. Kiangazi kimoja kikali, maji yalipokauka kwenye lambo, ng'ombe wake walisikia harufu ya kisima changu. Walivunja uzio mchana nikiwa sokoni, wakanywa, wakakanyaga matuta yote, wakabomoa kingo za kisima. Nilimfuata nikiwa na hasira, akanijibu kwamba maji ni ya Mungu. Nikapeleka jambo kwa mwenyekiti wa kijiji, Bwana Ntandu. Baraza likakaa, likaamua Lazaro arudishe uzio. Alimtuma kijana wake mkubwa, Japheti, naye akaleta mzigo mmoja wa miiba, akautupa langoni na kuondoka bila kusalimia hata Bibi. Watu walisikia nikisema kwamba ipo siku watajua thamani ya bustani ile. Nilimaanisha kwamba watakuja kununua. Maneno ya hasira yakishatoka, kila mtu anayabeba anavyotaka.

Mvua zikanyesha, hasira zikapoa. Mama yake Lazaro akafariki, tukazika pamoja. Ilipofika siku ya kumaliza msiba, Lazaro alikuja mwenyewe nyumbani, akavua kofia, akaagiza mchicha wa kulisha wageni. Niliona ni njia yake ya kumaliza yaliyopita. Nikavuna uliokuwa bora, nikachambua mimi mwenyewe na dada yake Yohana, nikajaza viroba. Athumani, dereva wa bodaboda aliyezoea kubeba mizigo yangu, akavipeleka. Mchicha uliobaki kwenye mavuno yale yale nikaenda nao sokoni.

Mchana jua likiwa kali, Athumani alirudi sokoni mbio. Hakuzima pikipiki.

“Mama Elia, panda,” alisema. “Usiniulize hapa.”

Njiani akaniambia. Wageni walikuwa wamekula, na muda si mrefu wengine wakaanza kulalamika kwamba midomo imekauka na maji hayashuki. Halafu macho. Mboni zilikuwa zimetanuka mpaka jicho lote likaonekana jeusi. Mwanamke mmoja alikuwa anachuma vitu hewani, vitu ambavyo wengine hawakuviona. Shangazi yake Lazaro alikaa chini mbele ya nyumba ya marehemu akaanza kuongea naye, akimuuliza na kumsubiri ajibu, akicheka kwa majibu aliyoyasikia. Hapo watu wakakimbia. Mmoja akasema marehemu hakuondoka kwa heri. Mwingine akauliza mboga zimetoka kwa nani.

Athumani alitaka kunipeleka Iguguno kwa dada yangu mpaka mambo yapoe. Nilifikiria. Nawaambia kweli nilifikiria. Katika vijiji vyetu mnajua mwanamke akishatajwa kwenye jambo la namna hiyo kinachoweza kumpata, hasa mume akiwa hayupo. Lakini Bibi alikuwa peke yake nyumbani, na asingeweza kukimbia. Na nikikimbia mimi, nitakuwa nimejibu swali lao. Nikamwambia Athumani anipeleke zahanati.

Baraza la zahanati lilikuwa limejaa. Wagonjwa walilazwa kwenye mikeka, ndugu zao wamewashika mikono wasiinuke. Waliokuwa wazima walikuwa wazee wa kiume, ambao walipewa nyama kwanza na kuridhika, na mke wa Lazaro, Mama Japheti, ambaye kwa kuhudumia hakuwa amepata nafasi ya kula. Nikateremka. Nilikuwa nimeshika tenga langu, na kila jicho likaenda kwenye tenga.

Japheti, ambaye wengine wakila alikuwa machungani, alikuja mbele yangu na fimbo ya kuchungia. Mkewe, Sifa, msichana waliyekuwa wamemwoa mwaka uleule kutoka Manyoni, alikuwa amelala pale kwenye mkeka wa kwanza. Alikuwa mjamzito, tumbo limeanza kuonekana. Uso wake ulikuwa mwekundu na mkavu, anavuta kanga yake kama anaikunja, akiongea haraka maneno yasiyoungana.

“Ulisema tutajua,” Japheti aliniambia. “Tumejua.”

Bwana Ntandu aliingia katikati yetu. Hakumsukuma, alisimama tu, kifua chake kikiwa karibu na ile fimbo, akamwambia kwamba mahali pale ni pa wagonjwa. Akanishika mkono akaniingiza kwenye chumba cha daktari, na kwa namna alivyoushika nilielewa kwamba hata yeye hajui kama ananilinda au ananikamata.

Daktari alikuwa kijana, tukimwita Daktari Mussa. Hakunisalimia wala hakunilaumu. Aliniuliza kama mchicha ule ulipuliziwa dawa ya wadudu. Nikasema natumia muarobaini tu. Akaniuliza kama bustanini kwangu mnanaha unaota. Nikasema unaota, kwa sababu natumia samadi, na kila siku naung'oa. Akaniuliza kama ninaweza kuapa kwamba asubuhi ile hakuna jani lililonipita.

Nilijua nilichambua. Nilikumbuka viroba, nilikumbuka mikono yangu. Lakini oda ilikuwa kubwa, na dada yake Yohana alichambua upande wake huku tukiongea habari za watu. Mchana ule ungeniuliza hata jina langu ningesita. Nikamwambia daktari ukweli, kwamba naamini hakuna, ila kuapa siwezi. Akamwaga tenga langu lote juu ya meza, akachambua jani kwa jani pamoja na nesi. Hawakuona kitu. Nilichukua jani nikatafuna mbele ya watu waliokuwa wamejazana mlangoni. Mmoja wao akasema bila shaka najua nilichotenga na nilichopeleka. Kwa mtu anayekuogopa, mboga safi nayo ni ushahidi dhidi yako.

Ndipo nikauona moshi. Kupitia dirisha la zahanati unaona mpaka upande wa korongo letu, na moshi ulikuwa unapanda pale pale. Vijana walikuwa wamekwenda bustanini. Nikamwambia Bwana Ntandu kwamba Bibi yuko kule peke yake. Alimtuma mgambo akimbie, na mimi akanikatalia kutoka. Alisema nikivuka mlango ule yeye hawezi tena kunisaidia. Nikakaa kwenye benchi nikitazama ule moshi, nikijaribu kukisia kama ni wa miiba tu au ni wa nyumba. Moshi wa nyasi za paa ni mzito zaidi. Niliutazama unavyokwenda, na sikuweza kuamua.

Daktari alitoka barazani. Alikuwa ameongea kwa simu na hospitali na gari la wagonjwa lilikuwa limeahidiwa. Alisimama kati ya mikeka akawaambia ndugu wa wagonjwa wasikilize. Akaeleza kwamba sumu ya dawa ya wadudu inabana mboni za macho na kutoa mate mengi, na hawa wako kinyume, macho yametanuka na midomo imekauka. Akasema dawa inayomwokoa mmoja ndiyo inayoweza kumuua mwingine. Wote hali zao zilikuwa mbaya, ila Sifa alikuwa amewazidi, moyo wake ulikuwa unakwenda mbio mno, na tumboni kulikuwa na mtoto.

“Nadhani najua ni nini,” alisema. “Kudhani hakunitoshi kwa huyu. Kuna aliyeongeza kitu chochote kwenye ile mboga? Sitafuti wa kumfunga.”

Wengine walinigeukia mimi. Mimi, sijui kwa nini, nilimtazama Mama Japheti. Alikuwa amepiga magoti kando ya mkwe wake, anamfuta uso kwa kitambaa chenye maji, na mkono wake ulikuwa umesimama. Alitazama ule moshi upande wa kwangu. Akamtazama mumewe aliyeegemea nguzo, na Japheti mwenye fimbo. Mwanamke yule aliheshimiwa kanisani na nyumbani, na hakuna aliyewahi kusema kwamba alikosea jambo. Sifa akaanza kujinyoosha kwa nguvu kiasi cha kutaka kubingirika nje ya mkeka, na mama mkwe wake akamkumbatia kifuani.

“Niliongeza mimi,” alisema, bila kunyanyua uso. “Watu walizidi. Mboga ya Mama Elia ingeisha. Nikamtuma huyu mtoto akachume mchicha pori nyuma ya zizi la zamani. Alikuwa mgeni, hakujua. Na mimi sikuangalia, niliutia kwenye sufuria.”

Daktari aliuliza walichuma kiasi gani, akajibu kwamba ungo ulijaa. Akaingia ndani kupiga simu tena. Athumani alikimbia na pikipiki mpaka kwa Lazaro, akarudi na majani yaliyobaki kwenye ungo na mche mmoja kutoka nyuma ya zizi, ukiwa umechumwa majani ya juu kwa mkono. Daktari aliufikicha akaunusa, akanipa na mimi. Sikuhitaji kunusa mara mbili.

Japheti aliweka fimbo chini ukutani, kwa uangalifu, kana kwamba ingeweza kuvunjika. Mzee Lazaro alitoka nje akaenda kusimama juani, ametugeuzia mgongo. Gari lilifika, likawachukua Sifa, shangazi na watoto wawili waliokuwa wamezidiwa. Mama Japheti alipanda nao. Alipopita mbele yangu alisimama kidogo, halafu akaingia garini.

Nyumbani nilimkuta Bibi amekaa kwenye kiti chake kwenye lango la bustani, au mahali lango lilipokuwa. Nyumba ilikuwa salama. Uzio wote ulikuwa majivu, pamoja na ule mzigo wa miiba alioutupa Japheti langoni. Matuta yamekanyagwa, kisima kimetupiwa mawe. Bibi hakuwa ameguswa. Mgambo alinieleza kwamba wale vijana walipokuja yeye hakupiga kelele. Alikaa pale pale akimtaja kila mmoja kwa jina la baba yake, akisema mtoto wa fulani nimekuona, mtoto wa fulani nimekuona, mpaka wengine wakaona haya wakarudi nyuma. Lakini moto ulikuwa umeshawashwa.

Waliougua walipona wote. Sifa alikaa hospitali muda kuliko wengine, akarudi amekonda, na mtoto wake alizaliwa salama msimu wa mavuno. Bwana Ntandu alitangaza ukweli kwenye mkutano wa kijiji. Mtadhani hapo ndipo shida yangu iliisha.

Shida ya biashara ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Watu walinisalimia kwa upole kupita kawaida, wakaniuliza habari za Bibi, wakanunua mboga meza ya tatu kutoka kwangu. Mama ntilie mmoja aliniambia kwa unyoofu kwamba yeye anajua sina kosa, ila wateja wake wakiuliza mboga imetoka wapi hawezi kutaja jina langu. Mchicha niliokuwa nimepanda upya kwa shida nikawapa mbuzi. Nilikuwa naketi mezani mafungu yamejaa asubuhi, na jioni yamejaa. Yohana alipopata habari alirudi akataka tufunge nyumba, tuhamie wote Manyoni. Nilimwomba asubiri mpaka mvua za mwisho. Sikuwa na sababu ya maana. Nilikuwa nimechoka, nikataka niondoke kwa wakati wangu.

Siku ya gulio, watu wakiwa wengi, Mama Japheti alikuja na Sifa akiwa nyuma yake. Sijui kama kuna mtu alimshauri. Alisimama mbele ya meza yangu, wanawake wakanyamaza meza kwa meza. Aliniamkia kwa heshima, ingawa umri wetu ulikuwa sawa. Akachukua fungu la mchicha, akachomoa jani, akatafuna likiwa bichi, akameza. Akampa Sifa jani, naye akala. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka stendi kwamba mboga iliyowadhuru watu nyumbani kwake ilitoka kwenye mikono yake mwenyewe, na ya Mama Elia haikuwa na kosa, na yeyote anayetaka kuuliza zaidi amfuate nyumbani. Akalipia, akaondoka.

Siku ile niliuza mafungu machache. Gulio lililofuata mengi zaidi. Kabla ya mwisho wa msimu mama ntilie walikuwa wamerudi, wakijifanya hawakuwahi kuondoka, na mimi nikajifanya hivyo hivyo. Biashara ya mboga inataka kusahau kiasi.

Uzio ulirudishwa na Japheti na wenzake. Walikuja asubuhi na miiba ya kutosha, hawakusema walichofuata. Bibi alitoa kiti chake, akakaa katikati yao, na kila walipodhani wamemaliza alinyoosha fimbo kwenye tundu ambalo kuku angeweza kupita. Waliondoka jua likizama.

Sifa alikuja baada ya kujifungua, mtoto mgongoni, akaniomba nimfundishe kutofautisha majani. Nilimkalisha mezani kwangu. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa, pamoja na kufukuzwa mbele ya wateja. Ninyi mnamfahamu, ndiye anayewapangia zamu za maji sasa, na mkiona anawakagulia matenga yenu kwa ukali msimchukie.

Na Mama Japheti. Kwa miaka yote iliyobaki alinunua kwangu kila gulio, hata siku ambazo kwao kulikuwa na mboga za kutosha. Siku ile ya zahanati hatukuwahi kuizungumzia. Mimi sikujua nianzie wapi, na nadhani naye hakujua. Tuliongea habari za mvua, za kanisa, za mjukuu wake.

Mwaka jana aliugua, akalala muda mrefu. Chakula kilikuwa hakipiti. Sifa alinipigia simu akasema mama ametaja mchicha wangu. Nilivuna, nikachambua, nikaenda nao mwenyewe. Nikaupika jikoni kwake, kwenye mafiga yale yale, kwa karanga kidogo na chumvi kidogo. Macho yake yalikuwa bado yanaona vizuri, na Sifa alimsogezea taa ili aone anachopewa. Akamwashiria aiondoe. Nilimlisha kwa kijiko, taratibu, naye alikuwa ananitazama mimi usoni. Alikula mpaka akamaliza, bila kuangalia ndani ya bakuli.